BAO LA BABU NA LUDO YA WATOTO: Michezo ya Nyumbani Ufipa katika Fiqhi na Tarehe

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Hapa Sumbawanga na katika vijiji vya uwanda wa Ufipa, swali la michezo ya nyumbani haliishi. Huulizwa imamu baada ya sala ya Ijumaa, huulizwa ustadhi chuoni, na mara nyingi jibu linalotolewa ni neno moja tu: haramu. Bao haramu, karata haramu, drafti haramu, zote zimefungwa mzigo mmoja. Na aliyejibu, ukimtazama vizuri, hakuuliza hata mara moja mchezo wenyewe unachezwaje. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii (R.A.) hawakuijibu mas-ala hii kwa namna hiyo. Waliyatazama mashimo na kokoto, wakauliza ni kitu gani kinachompa mtu ushindi, ndipo wakahukumu. Na hukumu waliyoifikia itawashangaza wengi wetu, kwani mchezo tunaouogopa sisi sio walioukemea zaidi wao, na ule tunaowanunulia watoto siku ya Idi ndio waliouweka mahali pagumu.

Ndugu msomaji, jambo hili kwetu si la kujifurahisha kielimu. Waislamu wa Ufipa ni wachache, na wengi wao wana mababu, wajomba na mashemeji Wakristo. Mtoto anayesoma chuoni mjini akienda likizo kijijini Laela au Namanyere hukaa na babu yake jioni, na babu humwita kwenye bao. Hiyo ndiyo lugha ya babu na mjukuu. Hapo huulizwa habari za shule, hapo hutajwa majina ya wazee waliotangulia, hapo mjukuu hutaniwa kama mtani anavyotaniwa. Mtoto akirudi mjini akaambiwa kwamba alichokifanya ni sawa na kula kamari, likizo ijayo hukaa pembeni na babu huona kwamba dini ya mjukuu wake imemkataza kukaa naye. Kuunga udugu ni wajibu katika sheria yetu. Mwenye kutoa hukumu inayougusa udugu na aijue vyema hukumu hiyo kabla ya kuitamka.

NJIA ZILIZOILETA MICHEZO UFIPA

Uislamu uliingia pande hizi kwa mlango wa ziwa na mlango wa misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwisha kutua. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itawa, kusini magharibi ya Ziwa Tanganyika. Katika zama hizo watu wa pwani walipita huku na huko mwambao wa ziwa, na bandari kama Kirando zikawa na watu wanaoswali. Kisha wakaja Wajerumani, wakajenga boma lao pale Kasanga na kuliita Bismarckburg, na miongoni mwa askari na makarani waliowatumia walikuwamo Waislamu wengi, Wanubi, Wamanyema na watu wa mrima. Upande wa pili, Mapadri Weupe walikwishaikamata Karema mwaka 1885, mahali palipojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na kutoka huko Ukatoliki ukapanda uwandani na kuenea. Ndiyo sababu Wafipa walio wengi leo ni Wakatoliki, na Waislamu wanapatikana zaidi mjini na kando ya ziwa.

Nimeyataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba bao lililetwa bara na watu wa pwani pamoja na kanzu na kofia. Sivyo. Watu wa pwani walilikuta. Mchezo wa mashimo yenye safu nne ni wa Afrika ya mashariki na kusini, na majina yake yanatoa ushahidi. Wasukuma huuita isolo, Wanyarwanda igisoro, na ndugu zetu wa Zambia, upande wa pili wa mpaka, nsolo. Majina haya yana shina moja, na Ufipa imekaa katikati ya watu hao wote. Neno moja haliwezi kuenea namna hiyo, kutoka Kivu mpaka Zambia, kwa msafara wa juzi. Kilicholetwa na pwani ni bao la Kiswahili, lenye nyumba na namua, ambalo ni gumu kuliko yote. Bao la mashimo yaliyochimbwa chini kivulini, kwa kokoto na mbegu, ni la wenyeji wenyewe.

Karata ni habari nyingine kabisa, nayo ina tarehe inayostahiki kuhadithiwa. Mwaka 1931 mwanachuoni L. A. Mayer aliiona katika makumbusho ya Topkapi mjini Istanbul seti ya karata zilizochorwa kwa mkono, za zama za Mamluki wa Misri. Zina mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea mpira juu ya farasi. Badala ya picha za watu zina maandishi yenye vyeo: mfalme, naibu, na naibu wa pili. Kutoka huko karata ziliingia Ulaya ya kusini katika miaka ya 1370, na mpaka leo Waspania huziita naipes, neno ambalo wataalamu wa lugha wengi hulirudisha kwenye naibu yule yule. Kisha Wareno wakazileta Bahari ya Hindi. Chukua karata za mzee wa pwani umsikilize anavyozitaja. Karata yenyewe ni carta ya Kireno. Kopa ni copas, yaani vikombe. Uru ni ouros, yaani dhahabu, zile sarafu za Misri. Shupaza ni espadas, yaani panga. Turufu ni trunfo. Wareno walifukuzwa Ngome ya Mombasa mwaka 1698, wakaacha karata vibarazani na maneno yake vinywani mwa watu. Basi kitu kilichotoka Misri ya Waislamu kilizunguka Ulaya kikaturudia sisi Waislamu wa pwani kwa jina la Kireno, nasi tukakipandisha bara. Wenye kusema kwamba karata ni sumu iliyotungwa na Makafiri kwa ajili yetu hawaijui tarehe hii. Na kutoka kwake Misri hakuifanyi kuwa halali, kwani hukumu haifuati nchi kilikotoka kitu.

Drafti, ambayo wengine huiita dama, nayo ina mizizi ya Kiarabu. Vitabu vya kale vinautaja mchezo uitwao qirq, wa kuchora mistari chini na kupanga kokoto. Qirq ilipofika Andalusia iliitwa alquerque, na Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla aliuingiza katika kitabu chake cha michezo cha mwaka 1283. Wengi wanaiona drafti ya leo kuwa ni mjukuu wa mchezo huo. Vijana wetu wanaokaa nje ya gereji na vizibo vya soda juu ya kipande cha mbao kilichochorwa miraba wamerithi jambo la kale sana. Abul-Faraj al-Isfahani, aliyefariki mwaka 356 Hijria (967), ameeleza katika Kitabul-Aghani habari za mtu wa Makka, Abdul-Hakam bin Amr al-Jumahi, aliyetenga nyumba akaweka humo sataranji, nardi, qirq na daftari za elimu za kila namna, na vigingi ukutani. Mwenye kuingia hutundika nguo yake, kisha akachukua kitabu akasoma au akacheza na mwenziwe. Hiyo ni Makka ya karne za mwanzo. Siitaji kama hoja ya kuhalalisha, kwani Aghani si kitabu cha fiqhi, bali kuonesha kwamba fuqahaa walipoandika juu ya michezo hii waliandika juu ya kitu walichokiona kwa macho yao.

MANQALA KATIKA VITABU VYETU

Imam Shafii mwenyewe ameizungumza michezo hii katika al-Umm. Ameipanga daraja. Nardi ndiyo aliyoichukia kuliko michezo mingine kwa sababu ya hadithi zilizopokewa. Sataranji haipendi, lakini ameiona ni nyepesi kuliko nardi. Kisha akataja kuchukiza kwa hazza na qirq, na sababu aliyoitoa ni kwamba michezo si kazi ya watu wa dini wala ya watu wenye muruwa. Hazza hiyo wanachuoni wameieleza: ni kipande cha ubao kilichochimbwa mashimo katika safu tatu, yakatiwa kokoto, na Misri huitwa manqala. Naam, ni bao. Lile la safu tatu ni ndugu wa letu la safu nne.

Baada ya Imam, wakubwa wa madhehebu walitofautiana. Wapo walioipeleka hazza kwenye hukumu ya nardi, na wapo walioipeleka kwenye hukumu ya sataranji. Ndipo Imam ar-Rafii, aliyefariki mwaka 623 Hijria (1226), akaja na kipimo, na an-Nawawi (aliyefariki 676/1277) akakichukua: mchezo unaotegemea kurusha dadu uko pamoja na nardi, na ule unaotegemea fikra uko pamoja na sataranji. Waliokuja baadaye wakakipanua zaidi. Ibn Hajar al-Haitami katika Tuhfa na ar-Ramli katika Nihaya, ambavyo ndivyo vitabu vinavyotegemewa na mashekhe wetu wa Afrika Mashariki katika fatwa, wameitaja manqala kwa jina lake. Wameieleza kuwa ni mashimo au mistari ambayo kokoto huhamishwa kutoka na kuingia humo kwa hesabu, na wakasema kwamba ambalo msingi wake ni hesabu na fikra haliharamiki. Kisha wakaweka sharti ambalo mimi kila nikilisoma huona jinsi walivyokuwa makini: hayo ni iwapo hesabu yake haifuati kinachotolewa na tabu, yaani vijiti vya kurushwa ambavyo huangaliwa vimeangukaje. Ikiwa vijiti ndivyo vinavyomwambia mchezaji ahamishe ngapi, manqala hiyo imeharamika. Ubao ni ule ule, kokoto ni zile zile, na hukumu imegeuka kwa sababu ya kijiti kimoja.

Tulitazame sasa bao letu kwa kipimo hicho. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huanza na kete kumi ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 huzihifadhi mkononi. Kila zamu hunamua kete moja, akaiweka mahali panapompa kula kete za mwenziwe zilizo mkabala, akazipanda kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia palipo na nyingine huendelea, na wala hakuna anayejua mwisho wa safari ila aliyehesabu. Watoto hucheza lile la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, nalo pia ni hesabu tupu. Hakuna kinachorushwa. Hakuna kilichofichwa, kwani kila kete iko wazi mbele ya wote wawili. Ukifungwa, umefungwa kwa kutokuona kilichokuwa mbele ya macho yako. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwafuata mafundi wa bao wa Zanzibar katika miaka ya 1990 akaandika juu ya uwezo wa akili zao katika kuhesabu mitaji, na Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda bao hilo. Hapa hakuna bahati ya kuzungumzwa.

Kwa hiyo hukumu ya bao katika madhehebu yetu iko wazi: si haramu kwa dhati yake. Wala sisemi kwamba linapendeza kisheria, kwa sababu maneno ya Imam katika al-Umm yapo na mwenye kulishinda siku nzima amejipunguzia. Ni jambo ambalo kuliacha ni bora kwa mwenye la kufanya, na mwenye kucheza kwa kiasi haambiwi kwamba ametenda dhambi. Wenzetu wa madhehebu mengine wana ukali zaidi katika sataranji, wengi wao wakiiharamisha, na mwenye kuwafuata ana imamu wake. Lakini ustadhi aliyesoma Minhaji na Fat-hul-Muin kisha akamwambia mtoto kwamba bao ni haramu kwa Ijmai, huyo amesema lisilokuwemo.

LUDO NA DADU

Sasa tuje kwenye kile kibao cha rangi nne kinachouzwa madukani, nyekundu, kijani, njano na buluu. Wazazi wengi wanaokataza bao hukinunua bila wasiwasi wowote, kwa kuwa ni kitu cha watoto na kinatoka dukani. Ludo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896, nayo imechukuliwa kutoka mchezo wa kale wa Kihindi uitwao pachisi, uliochezwa kwa kurusha kauri. Uti wa mgongo wake ni dadu. Huwezi hata kutoka nyumbani mpaka dadu ikupe sita. Mchezaji ana la kuchagua kidogo, hasa katika kuamua ni kipande kipi akisogeze, lakini hatua zenyewe hugaiwa na dadu.

Na dadu ndiyo nardi. Hadithi ya Buraida (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim imemfananisha mwenye kucheza nardashiri na aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Ipo pia ya Abu Musa al-Ash-ari (R.A.) katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Abu Daud inayomhesabu mchezaji wa nardi kuwa amemuasi Allah na Mtume wake. Kauli iliyosahihishwa katika Minhaji ni kwamba nardi ni haramu, hata bila ya dau. Kuna kauli ya Abu Ishaq al-Marwazi kwamba ni makruhu tu kama sataranji, lakini siyo iliyotegemewa. Na baadhi ya wanachuoni wameiunganisha maana ya nardi na ile ya kupiga ramli kwa mishale ya azlam, kwa kuwa mtu hukaa akingoja kitu kisicho na akili kimwambie afanye nini. Sisi wakazi wa mji ambao jina lake, kama wazee wanavyolieleza, maana yake ni “tupa uchawi,” tulipaswa kuielewa maana hiyo upesi.

Basi tazama mambo yalivyogeuzwa! Babu na bao lake lenye hesabu tupu anaonekana anapotosha watoto, na ludo imepewa nafasi juu ya kabati sebuleni karibu na msahafu. Mwenye kutaka kuwafunza watoto wake hesabu na subira amechukua kisichofunza lolote, akaacha kinachofunza. Sisemi mzazi aliyenunua ludo kwa kutojua atiwe lawama. Nasema mwenye elimu amweleze, na ampe badala yake. Drafti ipo, keram ipo ambayo ni ya shabaha ya mkono, na bao lipo bure, mashimo chini na kokoto.

MAS-ALA YA KARATA

Hapa njia ni nyembamba, na mwanafunzi asiende kwa haraka. Ibn Hajar na ar-Ramli wameutaja mchezo wa kanjafa, ambao ni karata za Kiajemi na Kihindi, wakauweka katika fungu la michezo ya kubahatisha pamoja na tabu, yaani fungu lililoharamika. Hiyo ni nukuu ya madhehebu na haifichiki. Wapo waliokuja nyuma waliotazama michezo ya karata mmoja mmoja, wakasema kwamba baadhi yake ina fikra nyingi kuliko bahati, kwa kuwa karata zikishagawiwa kazi iliyobaki ni ya kukumbuka, kupima na kuelewana na mwenzio. Mwenye kuitazama albastini inavyochezwa na watu wanne wenye kuijua hawezi kukataa kwamba ina fikra. Na lasti kadi ya watoto haina sehemu kubwa isipokuwa kilichoinuliwa kutoka kwenye fungu.

Mimi ninalolichukua ni kwamba Mwislamu aziache karata. Zimetajwa katika vitabu kwa jina, mgao wake ni bahati, na katika miji yetu hakuna kitu kilichozoeleka na kamari kuliko zenyewe. Lakini mwenye kuichukua ile kauli ya pili, akacheza bila dau na wazee wake baada ya chakula, hilo ni jambo lenye khitilafu, na jambo lenye khitilafu halikemewi kama linavyokemewa lililokubaliwa na wote. Asifukuzwe msikitini wala asinyimwe salamu.

ANAYEFUNGWA ANUNUE

Hayo yote ni pale ambapo hakuna dau. Likiingia dau mlango mwingine unafunguka, na hapa hakuna tofauti kati ya bao, drafti na ludo. Desturi iliyozoeleka ni kwamba anayefungwa ananunua. Kwa wanaokunywa ni komoni, na kwa vijana wetu ni soda au chipsi. Watu huona ni utani. Wanachuoni wetu wameeleza kwamba mali ikishurutishwa kutoka pande zote mbili, kila mmoja akawa baina ya kupata na kukosa, hiyo ndiyo kamari yenyewe. Kiasi hakitazamwi, soda moja ni kamari kama ilivyo ng’ombe mmoja. Wamekwenda mbali zaidi wakasema kwamba hata mmoja tu akitoa, kwa sharti la kumpa mwenziwe akifungwa, hiyo si kamari lakini ni mashindano ya mali katika kitu kisichokuwa cha vita, nayo haisihi, na mali hiyo hailiwi.

Mtu huenda akasema: lakini tunakula wote, hakuna aliyeumia. Naye na aikumbuke maisiri ya Waarabu wa Jahiliya. Walikuwa na mishale kumi, saba ina mafungu kuanzia moja mpaka saba na mitatu haina kitu. Walichinja ngamia, wakaitikisa mishale, na ambao mishale yao haikutoka na fungu ndio waliolipa bei ya ngamia. Walioshinda hawakuipeleka nyama nyumbani kwao, bali waliigawa kwa masikini, na walijifakharisha kwa hilo wakati wa njaa. Kamari ile ililisha watu kuliko soda yoyote ya Sumbawanga. Na bado Qur’ani ilikiri katika Suratul-Baqara aya ya 219 kwamba ina manufaa, ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi, kisha katika Suratul-Maida aya ya 90 na 91 ikaikataza moja kwa moja na kutaja kwamba huleta uadui na kuzuia sala.

Na hapa ndipo linaponiuma jambo la kuyafunga yote mzigo mmoja. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003, na chini yake ipo Bodi inayotoa leseni. Sheria hiyo inawakataza wenye umri chini ya miaka 18. Miaka ya karibuni mashine zile zinazomezeshwa sarafu, ambazo vijana huziita dubwi, zimeenea nchini mpaka kwenye maduka ya vijijini, na kubeti mpira kumeingia katika simu. Huko mtu hachezi na babu wala na mjomba. Hucheza na sanduku lililotengenezwa limshinde, na fedha ya ada au ya mbolea ya mahindi huishia humo. Kijana aliyefundishwa kwamba bao, drafti na dubwi ni haramu sawasawa, akiona mzee mwema anacheza bao na hakuna ubaya wowote uliotokea, hujiambia kwamba la dubwi nalo litakuwa hivyo hivyo. Hukumu iliyokazwa pasipo mahali pake hulegeza iliyo mahali pake.

MUDA, ULIMI NA MURUWA

Yako mambo ya nje ya mchezo yanayoweza kuuharibu hata ukiwa wa hesabu tupu. Imam an-Nawawi alipoulizwa juu ya sataranji alijibu kwamba ikimfanya mtu apitwe na sala kwa wakati wake, au ikichezwa kwa mali, ni haramu, na isipokuwa hivyo ni makruhu kwa Shafii na ni haramu kwa wengine. Bao huchezwa alasiri na Magharibi ya Ufipa, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai, huingia watu wamejikunyata hawataki kuinuka. Adhana ikisikika, ubao unyamaze. Ulimi nao una fitina zake, maana bao lina kejeli nyingi, na kejeli ya kawaida haina neno, lakini kuapa kwa jina la Allah kwamba kete ilikuwa hapa na haikuwa pale ni jambo zito ambalo wachezaji hulichukulia kama mate.

Kuhusu muruwa, fuqahaa waliyaweka maneno haya ya michezo katika mlango wa ushahidi, kwa sababu suala lao lilikuwa: huyu akija mbele ya kadhi, ushahidi wake unakubaliwa? Na muruwa hufuata ada ya mahali. Mzee wa Kifipa anayecheza bao mbele ya nyumba yake na wageni wakiwa wamekaa hajavunja heshima katika macho ya watu wake, bali ndivyo heshima inavyoonekana. Imamu wa msikiti akikaa kila siku njia panda na vijana, kelele juu ya kelele, hilo ni jambo lingine, na wenyewe waumini wataliona.

Kwa mtoto anayekwenda likizo kwa babu yake asiyekuwa Mwislamu, mwalimu wake na amwambie hivi: kaa naye, cheza naye bao, usiweke dau lolote, na ikifika sala mwombe ruhusa ukaswali kisha urudi. Babu ataiona dini ya mjukuu wake katika kule kuinuka na kule kurudi.

Limebaki swali linaloulizwa sasa na wanafunzi wa sekondari, nalo ni la ludo ya simu. Wanasema dadu haipo, hakuna anayerusha kitu, ni programu tu. Dadu ipo. Imeondolewa mkononi mwa mchezaji ikatiwa ndani ya kioo, na bado ndiyo inayomgaia hatua. Basi hukumu yake ni ya dadu iliyo mkononi, na zikiingizwa fedha humo, kama baadhi yao wanavyofanya kwa kutumiana kwa simu, imekuwa nardi na kamari kwa pamoja.

Wallahu aalam.